Jumlisha C

Shule yetu ni ya kutwa. Maana yake, jua likizama
hatuna shule, tuna vitabu tu,
na taa ya dukani kwa baba, inayoning'inia
juu ya minyororo na matairi ya baiskeli,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano.
Hapo nimekisoma kidato cha tano chote.
Kila ukurasa wa fizikia una dole gumba la baba
pembeni, jeusi, kama muhuri wa ofisi.

Asubuhi naendesha hadi Raskazone,
soksi nyeupe mfukoni, nazivaa getini,
kwa kuwa Bi Kilua, mhasibu, hukagua soksi
kabla hajakagua ada.

Jumatatu ile alisimama mbele ya mstari
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Hakupaza sauti. Alisoma majina
kama mtu aliyetumwa sokoni:
nazi mbili, chumvi, Hizza Singano.
Hizza akafunga begi. Zipu yake mbovu
ilichukua muda, na sote mia mbili na kumi
tukaisikiliza.

Kipindi cha tatu Mwalimu Mhando akafundisha intigresheni.
"Nani anajibu?" akauliza, na kwa mazoea
tukageuka nyuma, kushoto.
Naye pia aligeuka.

Nyuma ya maabara kuna ukuta wa matofali ya matundu,
ng'ambo yake uchochoro wa wakaanga mihogo.
Tundu la tatu kutoka kwenye bomba
linapitisha daftari, ukilikunja.
Sikumwambia mtu ila yeye.
Mchana nalitia; kesho yake nalikuta
lina umande, limenyooshwa kwa kitu kizito,
na ndani, kalamu nyekundu.
Nyekundu! Mtu amerudishwa kwa ada
kaenda kununua kalamu nyekundu.

Swali la nne: vyema.
Swali la tano: "Mwantumu, huu mwandiko au kuku kapita?"
Swali la saba: "Umesahau kujumlisha C. Tena."

Nilikasirika. Nilitaka anishukuru.
Nilikuwa nimemwandalia huruma yangu
kama sahani iliyofunikwa kawa;
yeye kafunua, kala hesabu,
huruma kaniachia.

Wiki ya tatu kurasa zikaanza kuja na vumbi la kijivu.
Alikuwa anafyatua matofali Pongwe,
mia kwa siku, alisema, na kila mia
alijipa swali moja la mekaniki.
Mock ilipobandikwa nilipata themanini na moja.
Nikaisoma orodha mpaka chini, mpaka kwenye gundi,
nikitafuta jina ambalo nilijua halimo.

Usiku baba akalifungua daftari,
dole gumba lake likagota kwenye saruji.
"Mwalimu gani huyu anasahihisha kwa udongo?"
Nikamwambia. Akanyamaza, akafuta mikono
kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono.
"Ana kwao taa?"
"Sijui."
"Basi hujui kitu. Mwambie benchi hili ni refu."

Akaja Alhamisi, kaoga, kachana nywele,
kama anakuja kuposa; mama akacheka jikoni.
Tukagombana hadi saa nne, kalamu nyekundu
ikitoka mkononi mwake, ikiingia mwangu,
nikamkuta na kosa moja, nikalizungushia duara
kubwa kuliko lilivyostahili.

"Hiyo C mnayoipigia kelele," baba akauliza,
"ni kitu gani?"
Hizza akafikiri. Si kawaida yake.
"Mzee, ni kilichokuwepo kabla hesabu haijaanza.
Ukirudi kinyumenyume, huwezi kukijua ni ngapi.
Lakini usipokiandika, umekosa."

Baba akaizungusha ringi, akainamisha sikio
kwenye spoku, moja iliyolegea ikalia.
"Basi kiandikeni," akasema,
akatafuta spana.