Mlio Nisiousikia

Manispaa ilinipa kiwanja nyuma ya kituo cha treni,
hapa Liège, ng'ambo ya mto Meuse,
ikasema: Ghislaine, tuchoree mahali pa vijana.
Nikachora ukuta wa kupanda. Nikachora njia za kuteleza kwa ubao.
Nikachora, kama kila mtu achoravyo, wavulana.

Siku ya kukagua nilikwenda na futi yangu na kalamu nyekundu.
Mabenchi yalikuwa na vyuma katikati, kama meno,
mtu asije akajinyoosha.
Kibao kilisema: mpira marufuku, muziki marufuku,
kukusanyika zaidi ya watatu marufuku.
Sikukuta mtoto hata mmoja.
Nikaandika: mahali pametulia.

Ndipo akapita Noor, miaka kumi na minne,
vidole masikioni, bahasha ya chipsi kwapani.
"Mama, unakaaje hapa? Mlio huo haukukeri?"
Mlio gani?
Akanionyesha kwa kidevu kisanduku juu ya duka la dawa,
cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni.
Kinalia usiku na mchana, sauti nyembamba kama sindano,
na masikio yaliyozeeka kidogo tu hayaipati.
Nina miaka hamsini na miwili.
Nilisimama chini yake nikasikia njiwa.

Kumbe mji unaweza kumfukuza mtoto mbele ya macho yangu
nami nikausifu utulivu.

Nikaufuta ukuta. (Si wote. Thibaut alinililia,
nikamwachia kipande.)
Noor na wenzake hawakutaka kupanda popote.
Walitaka mabenchi yanayotazamana,
magoti yakaribiane, siri isilazimike kupaza sauti.
Walitaka paa, maana mvua ya hapa haina adabu,
taa isiyokumulika usoni kama tochi ya polisi,
choo,
na bembea, bembea kubwa, ya watu wenye miguu mirefu,
"kwa sababu," alisema Noor, "tulinyang'anywa bado tunazitaka."

Kamati ikauliza: wakishakaa hapo, watakuwa wanafanya nini?
Nikajibu: watakuwa wamekaa.
Wakauliza tena, polepole, kana kwamba sikuelewa swali.

Bembea zimefika. Kisanduku bado kipo;
duka lina mwenyewe, na sheria ina miguu mizito.
Kila Jumatano, akitoka shule, Noor hunipitia,
husimama nami pale kwenye kona, huinamisha kichwa.
"Bado," huniambia.
Nami naandika tarehe.