Pazia Lenye Macho

Vigo, bandari ya samaki. Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Pumzi yangu yanitangulia kama inayonikimbia.
Rafu kumi na mbili zimesimama juu ya reli,
bega kwa bega, hapapiti hata mkono:
ngisi wa bahari za kusini, pweza, kamba,
tani mia nane zilizolala macho wazi.
Ukibonyeza kitufe zinajongea
polepole, kama waombolezaji wanaompisha mtu kwenye benchi,
na ujia mmoja unafunguka.
Mmoja tu. Huu ukifunguka, ule sharti ufungwe.

Hapo ndipo kazi yangu.

Mimi Uxía Loureiro, fundi wa vitambuzi.
Kila zamu naanza kwa kutia mguu pasipotakiwa mguu.
Naukata mwali. Rafu zinasimama. Nautoa. Natia tiki.
Mwali wenyewe hauonekani;
mwali wa ndani kweli kweli huyu,
hajachungulia dirishani, hajaonwa na mtu,
anapita shubiri moja juu ya sakafu
toka jicho hadi jicho, usiku kucha.
Wahenga walisema macho hayana pazia.
Waje huku. Huku pazia ndilo lenye macho.

Brais, msimamizi, hampendi.
"Mwongo huyu," husema. "Juzi mara kumi na tisa!
Lori linangoja, meli inangoja,
na sisi tumesimamishwa na theluji ya ukubwa wa ukucha."
Ana haki yake. Nimeandika mwenyewe daftarini,
safu ya kwanza saa, safu ya pili sababu:

barafu kwenye lenzi
barafu kwenye lenzi
ukungu, mlango uliachwa wazi
kipande cha nailoni
barafu

Kuna ufunguo mdogo mwekundu wa kumfumba macho.
Brais alinikingia kiganja
kama jirani anayeomba chumvi.
Nikamwambia umepotea.
Ulikuwa ndani ya soksi yangu.

Alhamisi usiku dereva akabonyeza kuufunga ujia wa saba.
Alikwisha kuita. Alikwisha kutazama.
Taa ya njano ikazunguka, king'ora kikalia,
rafu zikaanza kutembea

zikasimama.

Brais akaitukana barafu, akamtukana na mama yake barafu.
Nikachukua kitambaa na spiriti,
nikaingia kulifuta jicho
nililodhani linatoka machozi.

Kule mwisho, penye ukuta,
Obdulia, karani wa hesabu,
kofia mbili kichwani, redio masikioni,
amepiga magoti.
Wino umeganda kalamuni, anaupulizia upate joto.
Kisigino cha buti la kushoto
kimekaa pale pale apitapo mwali.
Baina ya mgongo wake na chuma
ungeweza kuweka mkate, si zaidi.

Akanitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo.
"Nini?"

Nilitafuta la kusema.
Nikasema: "Penseli haigandi."

Mwali hamjui Obdulia.
Hajui kwamba anadaiwa kodi ya miezi miwili,
wala kwamba huimba vibaya akihesabu.
Ajualo ni moja: kuna, au hakuna.
Na safari hii kulikuwa.

Brais aliketi juu ya kreti, akavua glavu moja,
akasahau kuirudisha mpaka vidole vikawa vyeupe.
Hakusema kitu. Nami sikumsaidia.
Nililifungua daftari.
Saa tisa na dakika kumi na mbili.
Kwenye safu ya sababu mkono ulisita,
maana safu ile ni nyembamba, imezoea barafu.
Nikaandika: mtu.

Ijumaa: barafu. Barafu. Nailoni.
Lori lilingoja, dereva wake akapiga honi.
Obdulia amenunua penseli tatu, moja kanipa.
Ufunguo bado umo soksini.
Nikitembea unanichoma fundo la mguu.
Acha unichome.