Rangi Tatu za Mashine Namba Saba

Namba saba ililia zamu ya usiku,
ikaniita mimi, fundi wake, na spana yangu ya kumi na nne.
Nje, Baba Dogo imelowa. Lori la unga limekwama
mbele ya lango, na utingo analitukana kwa upole
kama mtu aamshaye mtoto wa shule.

Kazi yetu ni zipu.
Meno, utepe, kigari, basi.
Suruali za watu wa ng'ambo hufungwa kwa jasho letu
wala hawajui. Na kwa nini wajue?
Mimi pia sijawahi kumtafuta mwashi wa choo ninachotumia.

Lakini hili niliuliza, siku Bwana Orhan
alipokunywa chai nasi kibandani kwa Moraa:
Bosi, mbona mkaja huku?
Kwenu hakuna watu wenye vidole?
Akacheka, akachovya andazi,
akamwachia swali Musembi wa uhasibu.

Musembi akamwaga sukari mezani, akachora kwa kidole:
hapa sisi, hapa bahari, hapa mnunuzi.
"Nguo ikishonwa huku inaingia kwao bila ushuru.
Washonaji wako Athi River; zipu ya kungoja meli
siku arobaini ni zipu iliyochelewa arusi.
Kodi tumesamehewa, kwa muda. Halafu kuna..."
akanitazama, akasukuma chembe zilizobaki,
"halafu kuna nyinyi."

Hakutaja bei. Bei yangu naijua,
huja kila mwisho wa mwezi katika karatasi nyembamba.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimepona, sikatai.
Karo ya Bosibori imelipwa hadi muhula wa pili,
paa la mamangu Keroka halivuji tena, ila pembeni.
Lakini kupona ni neno la mgonjwa:
huulizi dawa itadumu hadi lini
homa ikiwa ndiyo kwanza imeshuka.

Usiku huo nikafungua tumbo la namba saba,
nikakwangua kutu kwenye mguu wa nyuma.
Kijani ikabanduka. Hiyo ni yetu, tuliipaka wenyewe
wiki ya sherehe, mkubwa fulani alipokuja kukata utepe
(utepe wa zipu; mkasi ulikwama mara mbili).
Chini yake kijivu, ya Bursa, alikotoka bosi,
na juu ya kijivu, kwa ncha ya msumari: NERMIN,
na vijistari vitano vitano vya kuhesabu kitu.
Zamu? Miezi ya deni? Sikuweza kujua.
Chini ya kijivu, samawati,
na kibati kilichoandikwa Wuppertal.
Hapo hapakuwa na jina. Palikuwa na mahali
paliposuguliwa na goti la mtu
miaka mingi, hadi chuma kikang'aa kama kijiko.

Nikapiga goti nifikie springi.
Goti langu likaingia pale pale.

Basi nikaiona upya hesabu ya Musembi, bila sukari.
Kiwanda ni kigari cha zipu.
Kikipanda, meno ya huku na ya kule hukumbatiana;
kikishuka, waliokumbatiana huachana,
na kigari hakina chuki na yeyote. Kinafuata mkono.
Huko Bursa mshahara ulipanda, ndiyo maana nakula.
Siku wangu ukipanda (naupigania, kadi ya chama ninayo)
kuna mtu mahali, sijui wapi,
anayezunguka na vyeti vyake ndani ya mfuko wa nailoni,
na goti lake ndilo lifuatalo.

Simchukii. Sijui kama Nermin alinichukia.

Nikabana nati, nikatia mafuta.
Namba saba ikarudi kutafuna utepe.
Msumari ulikuwepo, na nafasi kando ya jina lake.
Nikafikiria kuandika langu.
Nikaandika: SPRINGI YA KUSHOTO HULEGEA. IKAZE KILA IJUMAA.
Labda hatajua Kiswahili. Chuma atakijua.

Kisha nikapaka kijani juu yake,
mkono mmoja tu, nyembamba.