Mgongo

Chapa ya kale, iliyochongwa kwenye shaba:
mistari inanenepa penye misuli, inakonda penye nuru.
Kona yenye jina la shujaa ililiwa na mchwa
stoo ya shule, hapa Mbale.
Sanamu yenyewe iko ughaibuni. Sisi tuna karatasi,
tena mgongo tu.

"Ameegemea rungu," nikawaambia,
"kazi zake zimekwisha. Tazameni mkono wa nyuma:
matufaha ya dhahabu, mali ya miungu."

Nambozo hakuandika.
Alisogea, pua nusura iguse kioo.
"Mwalimu, huyu namjua."

Baba yake hupakia kahawa ghalani, gunia kilo sitini.
Jioni husimama mlangoni vivi hivi,
bega moja chini, hana neno,
ngumi nyuma ya mgongo,
watoto wakimzunguka kugombania kilichomo:
mapera, siku nyingine karanga.
Siku nyingine hamna kitu,
naye huifunga vilevile.

Chini ya picha wamesimama wawili, na kofia zao,
wameinua nyuso. Wao wanamwona usoni.
Miaka kumi na miwili nafundisha chapa hii,
sijawahi kuuliza wanaona nini.