Safu ya Nane

Võru, Januari. Ziwa Tamula limeganda, watu wanalikatiza kwa miguu,
na Kertu, chini ya maktaba, kwenye chumba chenye joto la bomba moja,
amekabidhiwa anwani elfu kumi na moja mia nne na mbili
za shule zilizofungwa kwa kukosa watoto.
"Zitenganishe," alisema Maile. "Kila sehemu safu yake. Ijumaa."

Alianza na panga.
Akaiambia programu: penye nukta mbili, kata.
Ikakata itifaki, vyema, ikatema mikwaju miwili
(mikwaju! katika nchi ambayo mti huo haujawahi kuota,
miwili imesimama mwanzoni mwa kila anwani, haizai, haina kivuli,
na ukiung'oa mmoja hufiki popote),
ikaenda hivyo hadi mstari wa thelathini na saba,
ambapo mwalimu fulani alitia ratiba ya mazoezi
ndani ya anwani, pamoja na saa: 10:30.
Panga halijui saa. Likazikata dakika,
likaziita nambari ya mlango.

Akafuta yote. Akanywa chai ya kisibiti.
Akaanza upya, safari hii bila chuma:
herufi moja, kisha nyingine, kama mtu apapasaye ukuta gizani,
akijiuliza kila hatua, niko wapi?
Bado itifaki. Bado. Nukta mbili: nimetoka.
Sasa jina la mwenyeji, na hilo, loo,
husomwa kutoka mkiani: nchi mwisho, mji katikati,
mashine yenyewe mbele kabisa, kama mtoto aliyewatangulia wazazi.
Kisha mkwaju wa tatu, na mambo yanageuka:
shule, mwaka, darasa, picha,
kubwa kwanza, ndogo baadaye.

Mlango, mara nyingi, haukutajwa.
Kertu aliiacha safu yake tupu, hakuandika sifuri.
Kunyamaza kwa kuwa kila mtu anajua
si sawa na kutokuwa na kitu.

Mstari wa elfu mbili na kumi na sita:
heldur:muri@
Mwalimu wa fizikia, jina lake na neno lake la siri,
peupe, mbele ya mwenyeji,
na neno la siri ni jina la mbwa.
Kertu akacheka peke yake, kisha akaona haya.
Akaandika sharti: kikitokea kitu kama hiki, kifunike.

Jua likazama saa kumi kasoro.
Ndipo ikaja
V%C3%B5ru.
Mji wake mwenyewe, umevunjwa mfupa wa kati:
ile õ ambayo mgeni huijaribu na kuimeza
imegeuzwa asilimia mbili na tarakimu za baridi,
maana waya wa zamani haukuwa na mdomo wa kuitamka.
Kanuni aliijua. Tenganisha kwanza, fungua baadaye;
ukifungua mapema, mkwaju uliofichwa ndani ya jina
utajidai njia panda.
Akangoja. Mwishoni alipoifungua, aliitamka kwa sauti,
õ, kwa bomba na kwa makabati.

Maulizo hayakumsumbua: jina, sawa, thamani.
Mengine yalikuwa na "sawa" bila chochote upande wa pili,
kama fomu ya mtu aliyeitwa nje kabla hajajibu.

Ikabaki alama ya reli, na kilicho nyuma yake.
Hicho, alimweleza Maile Ijumaa, hakisafiri.
Kivinjari hukiacha nyumbani. Mashine ya mbali
huombwa ukurasa tu, haiambiwi
msomaji alitaka kusimama kwenye aya ipi.
"Na mashine hizi zote zimezimwa?"
"Zote."
"Basi safu ya nane ya nini?"

Kertu akamgeuzia skrini. Shule moja ya msituni,
matokeo ya mbio za ski, majina arobaini,
na baada ya reli:
#viimane
Wa mwisho.
Kuna mtu aliihifadhi anwani hii
si kwa ajili ya bingwa.

Maile akaitazama kitambo.
"Iache," akasema, akavaa glavu,
akarudi kwao kwa kukatiza ziwani.