Kwa Inspekta Brandvold, Pembeni mwa Picha

Dukani kwa Lubomir, hapa Milwaukee,
sanduku la chini kabisa, senti hamsini kila toleo,
nimekukuta tena, Ottilie,
nusu ya uso imefunikwa na puto la maneno
ya mwingine.

Mwewe wa Shaba kanyanyua basi kwa mkono mmoja.
Mji mzima umetazama juu.
Wewe umeinama.
Unaokota vigae vya kioo, unanusa petroli,
unamwuliza dereva jina lake
na kuliandika herufi kwa herufi, maana ni refu.

Mchoraji hakukujali, tusifichane.
Koti la kijivu toleo la arobaini
ni la kahawia toleo linalofuata,
na kovu la kidevuni limehamia shavuni.
Lakini nani aligundua kwamba saa ya benki
ilirudishwa nyuma dakika kumi na moja?
Nani alipanda ghorofa sita, lifti mbovu, goti bovu,
kumwambia mama wa jambazi
kuwa mwanawe harudi?
Mwewe alikwisha kuruka.
Angani hakuna milango ya kubisha.

Ulichumia juani,
kivulini akala mwenye joho.

Toleo la sitini na tatu hukutokea.
Nilipekua kurasa zote, mara mbili,
Lubomir akinikodolea macho, anataka kufunga.
Kisha nikaona, nyuma ya bega la meya,
meza yako, na juu yake
kikombe kinafuka moshi.

Basi. Umetoka kidogo tu.