Kuni Kilo Tano

Jumamosi alfajiri treni ndogo ya umeme ilipanda
taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni,
na Bohdana akatugawia mikate ya jibini
iliyofungwa kwa gazeti la juzi.
Tulikuwa wanne: yeye, Imrich mwenye goti bovu,
Thuy, aliyezaliwa Košice kwa wauza nguo wa Hanoi,
na mimi, mgeni wa miezi saba,
ndani ya viatu vya kaka yake Bohdana
na soksi mbili mbili ili visinivuke.

Njia inapoanza kupanda pana kibanda kisicho na mlinzi.
Ndani: magunia ya makaa, kuni zilizofungwa kamba,
katoni za maziwa, mizani ya kuning'iniza,
na ubao ulioandikwa kwa chaki.
Thuy akanitafsiria:
"Beba kitu. Juu kuna chai."
Basi. Hakuna wa kulazimisha, hakuna wa kuhesabu.

Nikasimama pale.

Kwetu, chini ya mlima unaofuatwa na dunia nzima,
baba alibeba miaka kumi na tisa
mahema, viti vya kukunja, choo cha plastiki,
na mara moja tikiti maji, zima,
kwa kuwa mtu fulani alikuwa anatimiza miaka hamsini.
Mlima kwake ulikuwa kitu cha kisogoni.
Akirudi alilala kifudifudi sakafuni,
nami, mtoto mwepesi, nikatumwa kumkanyaga mgongo:
"Kisigino hapo. Hapo hapo. Simama."
Aliapa hakuna mwanawe atakayepandisha mzigo wa mtu.
Kwa hiyo sikupanda kabisa, hata bila mzigo.

Imrich alichukua maziwa. Thuy, vitunguu.
"Si lazima," Bohdana akaniambia.
Nikaning'iniza kuni. Kilo tano na ushee.

Misunobari ilitusindikiza saa nzima, kisha ikachoka,
ikawa ya kifuani, ya magotini, ikaisha.
Yakabaki mawe,
minyororo ya kushikilia,
na upepo usiobisha hodi.
Kila tuliyepishana naye alisalimia:
wazee wa fimbo mbili, watoto wa pua nyekundu.
Kwa bibi mmoja wa miaka themanini hivi
ulimi ukaniponyoka: "Shikamoo."
Akajibu kwa Kislovakia, jibu refu,
wala hakuonekana kushangaa.

Kamba ilikuwa inanikata kiunoni
alipotufikia Vendelín, mpagazi wa banda la juu,
na chanja cha mbao mgongoni kumzidi kimo:
mtungi wa gesi, mapipa mawili ya bia, mashuka.
Alihema kwa hesabu, kama anayeshona.
Akanitazama. Akasimama.
Bila kutua mzigo wake akafungua fundo langu,
akavuta kuni zikapanda hadi mabegani,
akakaza, akanigonga mara mbili,
akaenda zake.

Kileleni hatukufika. Ukungu ulishuka,
na goti la Imrich likatoa uamuzi.
Lakini bandani mwanamke mwenye unga mikononi
alipokea kuni zangu bila kushangilia,
akatia kipande kimoja jikoni papo hapo,
akanipa kikombe cha bati.

Mtandao ulikuwa kona moja tu, karibu na choo.
"Umebeba?" baba akauliza. Kimya.
Nikasikia redio yake, na mtu akifyeka majani.
"Wamekulipa nini?"
"Chai."
"Ya tangawizi?"
"Ya limau."
"Wamekupunja," akasema, akacheka
mpaka kikohozi kikamshika.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Mzigo uliuweka juu, au kiunoni?"
"Juu, baba."
"Nani kakufundisha?"

Dirishani Vendelín alikuwa anakunja kamba zake.
Akajitwika chanja kitupu,
akaanza kushuka.